Kibatari Kilichotaka Kumnyonga Kaka Yangu

Rufaa ya kaka yangu ilisikilizwa kwa muda usiotosha kuivisha maharage. Jopo la majaji watatu wa Mahakama ya Rufani lilikuwa limekuja kwenye kikao Tabora. Wakili wa kaka akasimama, akaanza kueleza, na kabla hajafika mbali Wakili wa Serikali naye akasimama, akasema kwa heshima zote upande wake hauungi mkono ile hukumu. Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimgeukia mzee mmoja tuliyekaa naye benchi moja, nikamuuliza, "Baba, huyu si ndiye wa Serikali?" Akaniambia, "Ndiye huyo huyo, mwanangu. Tulia usikilize."

Kaka alikamatwa mwaka 2007, akahukumiwa kunyongwa 2013, akatoka 2018. Nayasema haya mapema ili msomaji asikae roho juu akisubiri kujua kama alipona. Alipona, yupo, jana tu tumegombana kuhusu bei ya dagaa. Ninachotaka kueleza ni kilichomtoa, maana nimechoka na watu wanaonifuata gengeni kwangu, soko la Mwanga hapa Kigoma mjini, wakiniuliza kwa kunong'ona tulimwona nani na tulitoa shilingi ngapi. Yuko mama mmoja, mwanawe yuko mahabusu, aliniomba nimwelekeze kwa mganga wetu. Hatukuwa na mganga wala mkubwa. Tulikuwa na maneno ambayo mtu mmoja aliyasema usiku mmoja, na mtu mwingine akayakumbuka mbele ya jaji.

Aliyeuawa alikuwa mnunuzi wa mawese kijijini kwetu, huku Kigoma Vijijini ambako kila nyumba ina michikichi na kila ugomvi una dumu la mafuta ndani yake. Alikuwa anachukua mafuta ya watu kwa mkopo, anayapeleka mjini, akirudi analipa kidogo kidogo. Kaka alikuwa anamdai. Wakakorofishana kilabuni mbele za watu, kaka akamwambia, "Utanitambua." Nani hajawahi kumwambia mtu hivyo? Mama yangu huwaambia kuku. Lakini lile neno lilikuja kuandikwa kwenye karatasi ya polisi, na likishaandikwa pale linakuwa neno jingine kabisa.

Wiki chache baadaye, usiku, watu walivunja mlango wa yule mnunuzi kwa jiwe kubwa, lile tunaloliita fatuma. Wakamkata mapanga, wakachukua fedha, wakaondoka. Mke wake alikuwa humo ndani na watoto. Juu ya stuli kulikuwa na kibatari kinawaka, na mmoja wa wale watu alikuwa na tochi. Yowe lilipopigwa kijiji kizima kilitoka, kaka akiwemo. Ni yeye na vijana wengine waliombeba marehemu kwenye machela ya miti. Kesho yake alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Hakwenda popote. Matanga yakiwa hayajaanuliwa, polisi wakaja wakamkuta anatwanga ngazi, yale matunda ya mchikichi, wakamwambia vaa shati twende.

Sasa hapa ndipo panapotaka utulivu. Usiku ule wa yowe, mwenyekiti wa kitongoji alifika miongoni mwa watu wa kwanza. Alimuuliza mama mjane, kama kiongozi yeyote angeuliza, "Umemtambua nani?" Akajibu kwamba walikuwa watu kadhaa na hakuwatambua, tochi ilikuwa inammulika machoni. Watu wengi waliyasikia maneno hayo. Halafu zikaja siku za msiba, na msibani watu hawakai kimya. Kila aliyekuja kuhani aliuliza lile lile: marehemu alikuwa na ugomvi na nani? Jina la kaka likawa linazunguka kwenye mikeka. Hadi polisi wanakuja kuchukua maelezo, mama yule alikuwa tayari amemwona kaka mlangoni kwake, kwa mwanga wa kibatari, na panga mkononi.

Simwiti mwongo. Miaka ya mwanzo nilimwita hivyo, na mengine zaidi, ila nilipokuja kusoma maneno yake mwenyewe kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani, niliona mtu anayesema anachokiamini. Alikuwa amepoteza mume mbele ya wanawe. Alipewa sura ya kuweka mahali palipokuwa na giza, akaipokea. Shahidi wa namna hii ni hatari kuliko mwongo, kwa sababu mwongo ukimbana maswali anababaika. Mama yule hakubabaika hata kidogo.

Kituoni kaka alikaa siku mbili ndipo akaandikiwa maelezo ya onyo, yale ambayo polisi wanaandika wakimhoji mtuhumiwa. Yale maelezo yanasema alikiri. Yeye anasema alipigwa, akawekewa kidole gumba kwenye wino, na kaka yangu alisoma hadi darasa la saba, anajua kuandika jina lake. Sitasema ni kituo gani wala askari yupi.

Kesi ya mauaji haina dhamana. Kwa hiyo alikaa mahabusu, na kila baada ya wiki mbili alipandishwa karandinga kwenda mbele ya hakimu ambaye hana mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji, ili aambiwe upelelezi haujakamilika. Kesi ikapigwa kalenda hadi tukachoka kuhesabu. Wakati ule Kigoma haikuwa na Mahakama Kuu yake, jaji alikuwa anatoka Tabora kwa vikao, na kikao kikikosa fedha au shahidi, mnasubiri kingine. Baba yetu alifariki katika kusubiri huko. Shemeji, mke wa kaka, alivumilia, akavumilia, mwishoni akaolewa Kasulu. Nilimwelewa.

Mwaka 2013 kesi ikasikilizwa hatimaye, na ikamalizika kwa siku tatu. Wakili wa kaka alipangiwa na mahakama, na walionana kwa mara ya kwanza asubuhi ile ile, wamesimama ukutani, kaka akiwa na pingu. Hakumfanyia ubaya. Alikuwa na kesi nyingine nne kwenye kikao hicho hicho, na malipo yake ya kila kesi hayazidi faida ya gunia la dagaa. Maelezo ya onyo yalipotolewa hakuyapinga. Mama mjane hakuulizwa na mtu kibatari kilikuwa wapi, wala yeye alikuwa umbali gani na mlango, wala yule mtu alisimama pale kwa muda gani. Swali la maana aliuliza moja, na alimuuliza mwenyekiti wa kitongoji, ambaye aliletwa na upande wa mashtaka kueleza jinsi alivyokuta maiti: je, usiku ule mjane alimtaja mtu? Mwenyekiti akasema hapana, alisema hakuwatambua. Jaji akaandika. Shahidi akashuka. Ikawa imepita.

Jaji alikuwa amekaa na wazee wa baraza watatu, raia wa kawaida wanaompa jaji maoni yao, kama sheria ilivyotaka enzi hizo. Wawili kati yao walisema hana hatia. Mmoja wao, mzee wa Ujiji mwenye kofia ya kufuma, alisema jambo ambalo mpaka leo naona lilitosha kumaliza kesi. Alisema yeye amekulia kwenye kibatari, na kibatari huwashi ili umwone mtu mlangoni, unawasha ili usijikwae kwenye sufuria. Watu wakacheka kidogo. Jaji hakucheka. Kisheria hafungwi na maoni ya wazee, anatakiwa tu kutoa sababu za kutofautiana nao, na alizitoa: shahidi alimfahamu mshtakiwa tangu zamani, na mshtakiwa alikiri mwenyewe.

Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, sasa jaji anaweza kusikiliza kesi ya mauaji bila wazee wa baraza. Nimesikia hoja zake na baadhi zina mantiki, kesi nyingi zilikuwa zinabatilishwa na kuanza upya kwa sababu tu wazee hawakuelekezwa ipasavyo. Hata hivyo nikimfikiria yule mzee na kofia yake, mimi siungi mkono. Mle ndani hakuna mwingine aliyekuwa amelala nyumba ya kibatari kwa miaka ya karibuni.

Adhabu ilipofika, wakili aliomba huruma, mshtakiwa ana watoto, ana mama mgonjwa. Jaji akasema mikono yake imefungwa. Ni kweli. Kwa sheria yetu, mtu mzima akitiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia adhabu ni moja, kunyongwa hadi kufa. Anayesalimika ni mwanamke mwenye mimba na yule aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa. Hukumu ilisomwa kwa Kiingereza, karani akatafsiri sentensi za mwisho. Mama aliniuliza, "Amesemaje?" Nikamwambia wamemfunga. Alikuja kuelewa usiku, nyumbani, na hatukumwambia sisi.

Kaka akahamishiwa Tabora. Hapo ndipo biashara yangu ya dagaa ilipoanzia, watu wanaoniona leo na genge hawajui. Nauli ya treni kwenda kumwona ilikuwa inatushinda. Shangazi yangu wa Urambo akanipa akili: usiende mikono mitupu, nenda na mzigo. Nikawa nanunua dagaa Kibirizi alfajiri mitumbwi inapoingia, nakausha, nafunga viroba, napanda navyo treni. Usiku kucha Uvinza, Malagarasi, Nguruka ambako wanapandisha samaki wakavu hadi behewa linanuka, kisha Kaliua, Urambo, Usoke, asubuhi uko Tabora chini ya miembe. Nauza sokoni, nanunua asali ya kurudi nayo, na katikati naenda gerezani na sabuni, ndala na dawa ya mswaki. Kilomita zinazidi 400 kwenda peke yake. Kuna safari nilipata faida nzuri nikaona aibu, kana kwamba nanufaika na shingo ya ndugu yangu. Nilipomwambia kaka alicheka sana, akasema afadhali shingo yake imefaa kitu.

Wafungwa wa kifungo cha kawaida huwa wanatoka kwenda kazini. Waliohukumiwa kunyongwa hawatoki. Wanakaa ndani ya ua wao, na kaka aliniambia kinachochosha kuliko hofu ni uvivu wa lazima, kwa mtu aliyezoea kupanda mchikichi tangu mtoto. Alijifunza kufuma vikapu. Alijifunza pia sheria, kwa sababu kule kila mtu ni wakili. Palikuwa na mwalimu wa zamani, naye wa kunyongwa, ambaye alikuwa anawaandikia wenzake sababu za rufaa kwa mwandiko wa ubaoni, na maneno ya Kilatini humo ndani ambayo sijui aliyatoa wapi. Yeye ndiye aliyemkalisha kaka wiki ya kwanza tu akamwambia: una siku 30 za kutoa taarifa ya kukata rufaa, mengine yatasubiri, hiyo haisubiri. Taarifa ikajazwa, ikapitia kwa Bwana Jela, ikaenda. Huyo mwalimu sijui kama ametoka. Kama kuna mtu wa kumshukuru kwa jina ni yeye, ila jina lake sina ruhusa nalo.

Halafu ukaja ukimya. Rufaa haiwezi kupangwa bila mwenendo wa kesi kuchapwa, na mwenendo wa kesi uliandikwa kwa mkono wa jaji, kwa Kiingereza, unasubiri mpiga chapa. Nilikuwa kila nikifika Tabora napita masijala kuuliza. Karani mmoja alinizoea hadi akawa ananiita mama dagaa. Alikuwa mtu mwema, na siku moja aliniambia kitu ambacho huwa nawaambia wengine: usije kulia hapa, njoo na namba ya kesi imeandikwa vizuri kwenye karatasi, machozi hayana pa kufunguliwa jalada.

Watu walikuwa wanatufariji kwa kusema hatanyongwa, kwani Tanzania hainyongi. Ni kweli tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa. Septemba 2017 tulimsikia kwenye redio Rais Magufuli, siku anamwapisha Jaji Mkuu Profesa Ibrahim Juma, akisema jambo hilo ni gumu kwake, wasimpelekee hayo majina. Mtaani kwetu watu walimpongeza mama kana kwamba kesi imekwisha. Mama akauliza, "Na atakayekuja baada yake?" Hakuna aliyemjibu. Hati ya kunyonga inasubiri saini ya mtu, na mtu hubadilika au huondoka madarakani. Mama hakuwahi kuona shule, ila hiyo aliielewa kuliko wote.

Baadaye wakili wa rufaa alinisimulia kwamba mwaka 1994 Jaji Mwalusanya aliamua, katika kesi ya Mbushuu, kwamba adhabu hii inapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba kunyonga ni ukatili na kunamdhalilisha binadamu, lakini ikasema Katiba hiyo hiyo inairuhusu. Na mwaka 2019, kaka ameshatoka, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ikasema katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba kumlazimisha jaji atoe adhabu hiyo moja tu ni kuvunja haki ya kuishi. Mwezi huo huo wa Novemba nchi yetu ikaondoa tamko lililokuwa linamwezesha mwananchi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Siongezi neno.

Nakala ya mwenendo wa kesi ilipotoka, kaka aliomba nami nipate yangu. Nilisoma hadi kidato cha nne, Kiingereza changu ni cha kukisia, lakini nilikaa nayo na kamusi na kijana wa jirani aliyekuwa anasoma chuo. Ndipo nikaukuta ule ukurasa wa mwenyekiti wa kitongoji. Mistari mitatu. Nilikuwepo mahakamani siku ile na nilikuwa nimesahau.

Usiku ule ule nilitengeneza kibatari. Siku hizi hata kijijini wengi wana taa za sola, ilibidi nitafute kopo la nyanya, nitoboe kifuniko, nisokote utambi wa kitambaa cha pamba, nikanunue mafuta ya taa ya kupima. Nikakiweka juu ya stuli, nikakaa kitandani kama alivyosema mama mjane, nikamwambia binamu yangu avae koti, asukume mlango kwa nguvu, asimame pale. Mlango ulipofunguka upepo ukaingia, ule mwali ukalala, ukawa wa bluu, ukataka kuzimika. Ukainuka tena. Nikaona magoti yake na mkono. Kuanzia kifuani kwenda juu ni kivuli kinachocheza ukutani, na moshi. Nilijua ni binamu yangu kwa sababu ni mimi niliyemwambia asimame pale. Nikamwambia sasa niwashie tochi ya machoni. Baada ya hapo sikuona hata mlango.

Nilimwandikia wakili wa rufaa habari hii, ukurasa mzima. Alikuwa kijana, naye wa kupangiwa, lakini huyu alikwenda gerezani kukaa na kaka kabla ya siku ya kesi. Alinijibu kwa simu, kwa upole, kwamba rufaa haipokei majaribio ya nyumbani, inasoma kilichoandikwa. "Ila dada," akasema, "umenisaidia kitu kimoja. Umeniuliza maswali ambayo hakuna aliyemuuliza shahidi." Akanieleza kwamba tangu hukumu ya Waziri Amani ya mwaka 1980, mahakama zetu zinatakiwa kuuchukulia utambuzi wa macho kuwa ushahidi dhaifu kuliko wote, usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uondolewe. Shahidi alimwona mtu kwa muda gani, umbali gani, mwanga wa nini na mkali kiasi gani, kuna kitu kilimkinga, alimfahamu kabla? Kwenye kesi ya kaka lililojibiwa ni hilo la mwisho tu. Na kumfahamu mtu hakuongezi mafuta kwenye kibatari. Wangapi tumemwita mtu kwa jina barabarani, akageuka si yeye?

Jingine alilolishikilia ni ule ukurasa wa mistari mitatu. Shahidi anayemfahamu mtuhumiwa hutegemewa amtaje mapema, kwa watu wa kwanza kufika, na Mahakama ya Rufani imelisema hilo mara nyingi. Jirani unayemjua jina, aliyekuwa anamdai mumeo, umemwona anamkata mumeo, utakaa siku nne ndipo umseme? Na yeye huyo huyo yuko uani kwako anabeba maiti?

Hukumu ilisomwa siku chache baada ya kusikilizwa, kabla majaji hawajaondoka Tabora. Maelezo ya onyo yalifutwa kwenye kumbukumbu, kwa kuwa sheria inatoa saa 4 za kumhoji mtu tangu anapowekwa chini ya ulinzi, labda muda uongezwe kwa utaratibu, na yeye alihojiwa siku ya pili bila utaratibu wowote. Utambuzi ukaanguka kwa sababu nilizozieleza. Kilichobaki ni "utanitambua" ya kilabuni, na kwa hilo hanyongwi mtu. Aachiwe huru mara moja, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Kaka alipotoka lango la gereza aliniuliza choo kiko wapi. Ndiyo maneno yake ya kwanza ya uhuru, wanaotaka mengine wayatunge.

Nilidhani kazi imekwisha. Baba mkubwa ndiye aliyenipasulia, jioni ya kwanza nyumbani, kabla ugali haujatengwa. Akasema, "Mahakama imesema ushahidi hautoshi. Haijasema hakuua." Nilitaka kumjibu vibaya, nikanyamaza, kwa sababu kwa maandishi yalivyo ana haki. Kwetu mahakama haikupi cheti kwamba hukutenda. Inafuta hatia, inatengua adhabu, inakufungulia mlango. Kijijini watu walisema ameshinda rufaa kwa namna ile ile wanavyosema fulani ameshinda kesi ya kiwanja, na wanajua watu hushindaje kesi za viwanja. Shamba lake la michikichi lilikuwa na mtu mwingine. Watoto wake walikuwa wamekua wakiitwa watoto wa muuaji, wa kwanza aliacha shule kwa hilo. Kuhusu fidia tuliuliza, tukaambiwa tufungue kesi ya madai na tuthibitishe kwamba waliomshtaki walifanya hivyo bila sababu ya msingi na kwa nia mbaya. Miaka mingine ya kupigwa kalenda? Kaka alisema hapana hata kabla wakili hajamaliza sentensi.

Kilichosaidia kidogo ni hiki. Nilimlipa yule kijana wa chuo aitafsiri hukumu kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, nikaomba nafasi kwenye mkutano wa kitongoji. Niliposoma watu walisikiliza kwa adabu tu, kama matangazo ya chanjo. Nilipofika kwenye mistari ya mwenyekiti, yule mwenyekiti wa zamani, ambaye sasa ni mzee na macho yanamsumbua, alinyanyuka bila kuombwa. Akasema, "Alisema hakuwatambua. Nilisema mahakamani, nasema hapa, na nyie mliokuwepo mlisikia." Akawataja mmoja mmoja waliokuwa wamesimama naye usiku ule. Wawili wakaitikia. Mmoja akatoka akaenda zake. Kuanzia wiki ile kuna nyumba zilianza kumsalimia kaka. Si zote.

Kwa hiyo wanaokuja gengeni nawaambia nilichokiona. Likitokea jambo, na Mungu aepushe, ulizeni usiku ule ule nani alitajwa na nani alisikia, na mwenyekiti aandike kwenye daftari lake na tarehe. Ndugu akishahukumiwa, hesabuni zile siku 30. Ombeni nakala ya mwenendo wa kesi, someni yote, hata mashahidi mnaowachukia, kwani aliyemwokoa kaka alikuwa shahidi wa upande wa mashtaka. Tangu 2021 sheria imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hilo limepunguza mzigo. Wengi hawaridhiki na majibu haya. Wanataka jina la mtu wa kumpa bahasha.

Sasa kuna jambo linalotugawa nyumbani. Mama mjane bado yupo kijijini. Waliomuua mumewe hawajajulikana, na tangu kaka atoke sijasikia askari yeyote amerudi kuwatafuta. Tulikutana naye kwenye daladala, mimi na yeye, akanisalimu, na tulipokaribia kushuka akaniuliza, "Kama si yeye, basi ni nani?" Aliuliza kweli, si kwa shari. Mwanawe mkubwa ni bodaboda, akipishana na kaka anageuza uso.

Kaka anataka kwenda pale kuhani. Anasema alichimba kaburi lakini matanga hakuyamaliza, na kwake ni deni. Baba mkubwa anakataa katakata: ukienda na mbuzi itaonekana unalipa damu, ukienda bila mbuzi itaonekana unawadhihaki. Mama anasema tungoje. Mimi naona aende, mchana, bila mbuzi, afuatane na yule mwenyekiti wa zamani na mtu mwingine mmoja asiye wa ukoo wetu. Tutakaa tena mwezi ujao, shangazi akishafika kutoka Urambo. Yeye ndiye pekee ambaye baba mkubwa humsikiliza mpaka mwisho wa sentensi.